Anzeni na wale ambao hamkuwachukua

*"Jambo sana Mwalimu. Ninasimamia programu ya kulea biashara za wanafunzi katika chuo kikuu kimoja hapa Bukavu. Tangu 2023 tumepitisha promosheni tatu, yaani makundi matatu ya kila mwaka. Kila mwaka wanaomba karibu 200, tunachukua 30, tunawafundisha miezi sita, kila mmoja anapata mshauri, na watano wa mbele wanapata mtaji kidogo. Sasa mfadhili anadai 'ripoti ya athari', na mkuu wa kitivo anataka idadi ya ajira tulizozalisha. Nilichonacho ni orodha za mahudhurio, picha, hati za RCCM (uandikishaji rasmi) za biashara 41 na barua za shukrani. Tangu vita ifike mjini biashara nyingi zimefunga. Tena yule kijana wetu anayetajwa kila mahali, wa makala (makaa) ya takataka, alikuwa ameanza biashara yake kabla hajaja kwetu. Niandike nini bila kudanganya, na bila kuua programu?"*

Ndugu yangu, ni sentensi yako ya mwisho iliyonifanya nijibu kwa urefu. Unaogopa kwamba ukweli utaiua programu. Katika kazi hii ya tathmini, nilichoona kikiua programu ni ripoti nzuri mno: mfadhili anaishika mkononi, anakuja kutembelea biashara zilizoandikwa humo, anakuta kufuli mlangoni. Akishakuta kufuli tatu, haamini hata mahudhurio.

Ombi la mfadhili limechanganya maswali mawili, nasi tuyatenganishe. La kwanza: je, mlifanya mliyoahidi? Mlifundisha wangapi, kwa saa ngapi, washauri walifika au hawakufika, mtaji ulimfikia nani na lini. Hapo karatasi ulizonazo zinatosha, na usizione haya. La pili: je, kuna kitu kilichobadilika kwa vijana hawa ambacho kisingebadilika bila nyinyi? Hiyo ndiyo athari, na kwa swali hilo karatasi zako zote hazisemi lolote, hata zile 41 za RCCM. Nani alilipia kuandikisha? Ikiwa ni programu, basi namba hiyo inapima bajeti yenu. Kijana anaweza kuwa na hati safi kwenye bahasha na asiwe na mteja hata mmoja, na mwenzake wa kule Kadutu anauza kila siku bila karatasi yoyote.

Ugumu wote uko kwenye yale maneno "bila nyinyi". Mfano ninaopenda kuutumia unatoka Nigeria. Mwaka 2011 serikali ya huko ilianzisha shindano la mipango ya biashara lililoitwa YouWiN!. Waliomba karibu watu 24,000, na 1,200 wakapewa ruzuku ya wastani wa dola 50,000 hivi. Kwa kuwa sehemu kubwa ya washindi walichaguliwa kwa bahati nasibu kati ya waliofika nusu fainali, mchumi David McKenzie wa Benki ya Dunia aliweza kuwafuatilia waliopata na waliokosa kwa miaka mitatu. Waliopata walikuwa mbele, tena mbele sana. Lakini tazama waliokosa: miongoni mwa wale waliotaka kufungua biashara mpya na wasipewe chochote, zaidi ya nusu walifungua hata hivyo. Mtu angehesabu biashara za washindi peke yake na kuandika "tumezaa biashara hizi zote", zaidi ya nusu ya alichoandika isingekuwa kazi ya ruzuku. Na hiyo ni programu iliyofanya kazi vizuri kuliko nyingi nilizosoma.

Kwenu hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu mnachagua 30 kati ya 200, na mnachagua kwa macho yenu: mwenye ari, anayejieleza vizuri, ambaye tayari ana kitu mkononi. Mkulima akipanda mbegu bora kwenye shamba lenye mbolea na mbegu hafifu kwenye shamba lisilo na mbolea, akivuna hawezi kujua cha kusifu. Kijana wa makala ya takataka ni mbegu bora. Aliona makala ya miti yanavyopanda bei na msitu wa Kahuzi-Biega unavyoisha, akaanza kukandamiza pumba na maganda kwa mikono kabla hajasikia jina la programu yenu. Msimtoe kwenye ripoti. Andikeni alikuwa anauza magunia mangapi alipoingia, anauza mangapi leo, na yeye mwenyewe anasema kipi alikipata kwenu ambacho asingekipata kwingine. Akisema ni mshauri aliyemfundisha kukadiria bei ya gunia, hilo ni jambo dogo lakini ni la kweli, na msomaji makini ataliheshimu kuliko picha yake amevaa fulana ya programu.

Njia ambayo wengi huikimbilia ni kulinganisha kabla na baada. Kwa Bukavu njia hiyo imevunjika, na ni vema umweleze mfadhili waziwazi. Februari 2025 vita ilipofika mjini, benki zilifunga milango, uwanja wa Kavumu ukasimama, bidhaa zikabadilisha njia, wateja wengine wakahama. Chukua promosheni ya 2024: ukipima mauzo yao walipoingia na mwaka mmoja baadaye, utaona yameporomoka. Je, programu ndiyo iliyoyaangusha? Hapana. Lakini kumbuka kwamba kipimo hichohicho, katika mwaka wa amani, kingekuonyesha mauzo yamepanda, nawe ungesherehekea. Kingekuwa kimekosea vilevile, kwa sababu kijana aliyemaliza chuo hupanda kidogo hata akiachwa peke yake: amepata muda, ametoa TFC (kazi ya kumaliza masomo) mabegani, wazazi wamemwambia ajitegemee. Kipimo kinachokudanganya wakati wa shida hukudanganya pia wakati wa raha.

Sasa nikuambie mlicho nacho ambacho ONG nyingi (mashirika yasiyo ya kiserikali) za mjini hazina. Kila mwaka mnakataa watu 170. Majina yao yako kwenye sanduku la barua pepe la ofisi yenu, pamoja na fomu walizojaza, alama mlizowapa na namba zao za simu. Hao ndio wanaojua Bukavu bila programu yenu inafananaje. Waliishi kwenye vita hiyohiyo, benki zilezile zilizofungwa, barabara zilezile. Ukiwapigia simu leo na kuwauliza maswali yaleyale unayowauliza wahitimu wako, kwa mara ya kwanza utakuwa na kitu cha kulinganisha.

Usiwapigie wote 170, maana aliyepata alama 20 hafanani na aliyepata 85. Panga orodha kwa alama. Waliochukuliwa kwa tabu, tuseme wa 16 hadi wa 30, na waliokosa kwa tabu, wa 31 hadi wa 45, wanakaribiana sana. Wangehojiwa na jopo jingine siku nyingine, wengi wangebadilishana nafasi. Linganisha hao. Ndivyo Juanita González-Uribe na Michael Leatherbee walivyoichunguza programu ya serikali ya Chile, Start-Up Chile, iliyoanza 2010. Matokeo yao yangepaswa kujadiliwa kwenye kila chuo kinachojenga jengo la kupokea biashara changa: pesa na nafasi ya ofisi peke yake havikuonyesha tofauti yoyote, tofauti ilionekana pale vilipoambatana na mafunzo ya karibu na kufuatiliwa kwa ukali. Haina maana kwamba Bukavu itakuwa kama Santiago. Ina maana kwamba msidhani meza, intaneti na jenereta ndivyo vinavyofanya kazi mpaka mmepima.

Kwa promosheni ijayo kuna njia safi zaidi. Waliong'ara kabisa, tuseme kumi wa juu, wachukueni moja kwa moja. Kisha kwa nafasi 20 zilizobaki, chukueni 40 wanaostahili sawasawa na mchague kwa bahati nasibu, hadharani, mbele yao. Najua baadhi ya walimu watasema hiyo ni kamari. Mimi naiona ni haki: jopo lenu haliwezi kutofautisha wa 22 na wa 37, na kujifanya linaweza ndiko kunakofungua mlango wa simu za wajomba. Wanaokosa waambieni tangu mwanzo kwamba mtawapigia mara moja kwa mwaka, na kila mara muwatumie unite (salio) za simu kwa muda wao.

Lazima niwe mkweli kuhusu idadi. Mkilinganisha hata watu 30 na 30, na nusu ya waliokosa bado wana biashara, programu italazimika kuwafikisha karibu 85 kati ya kila 100 ya wahitimu wenu kwenye biashara ndipo muwe na nafasi nzuri ya kumfanya mwanatakwimu akubali kwamba si bahati tu. Ni programu chache duniani zenye nguvu hiyo. Hata mkiunganisha miaka kadhaa hadi mfike 120 kwa 120, mtaweza kutambua tofauti ya pointi 18 hivi za asilimia au zaidi, basi. Kwa hiyo msimwahidi mfadhili uthibitisho wa mwisho katika mwaka mmoja. Mwahidini mfululizo: kila promosheni inaongezwa juu ya iliyotangulia kwa maswali yaleyale, bila kubadilisha fomu kila anapokuja mshauri mpya kutoka nje. Na kwa kundi dogo msitaje wastani wa mapato peke yake. Biashara moja ikipata soko la hoteli, wastani wa watu 30 unapaa na kuwafunika 20 waliokwama. Wapangeni kutoka mdogo hadi mkubwa, mtaje aliye katikati, na mwonyeshe wote.

Sasa, kuuliza. Hapa ndipo tathmini nyingi za kwetu zinapoharibika, nami nitakaa hapa kidogo.

Swali la mapato huwa tunalifanya gumu bure. Tunamrundikia kijana jedwali la mauzo na matumizi, tunajumlisha wenyewe, tunadhani tumekuwa wasahihi. McKenzie pamoja na Suresh de Mel na Christopher Woodruff walijaribu njia mbalimbali na wafanyabiashara wadogo wa Sri Lanka, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Waligundua kwamba wafanyabiashara hupunguza mauzo wanayotaja kwa karibu asilimia 30, na kwamba swali moja la moja kwa moja kuhusu faida lilileta jibu zuri kuliko hesabu ndefu ya mauzo kutoa matumizi. Basi ulizeni hivi: "Mwezi uliopita, baada ya kulipa kila kitu cha biashara na kuwalipa wafanyakazi, wewe ulibaki na ngapi?" Andikeni jibu kwa sarafu aliyoitaja, dola au franga, na tarehe yake. Mkibadilisha franga kuwa dola kwa bei ya leo kwa jibu la mwaka jana, mtazua ukuaji ambao haukutokea.

Anayeuliza asiwe mshauri wake. Kijana hawezi kumwambia mtu aliyemlea miezi sita kwamba amefilisika, na hawezi kumwambia anayegawa mtaji kwamba hauhitaji. Tafuteni wanafunzi wa takwimu wasiojulikana na programu, wafundisheni siku chache, wapige simu wao. Mwanzoni mwa kila mazungumzo waseme kwamba jibu haliendi kwenye ofisi ya kodi na haliamui ruzuku ijayo. Na lazima iwe kweli.

Kisha kuna mapato ya mtu mzima, siyo ya biashara tu. Hapa Tunisia ilitupa somo zito. Mwaka wa masomo wa 2009/2010, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa licence appliquée (shahada ya kwanza ya vitendo) walipewa nafasi ya kuandika mpango wa biashara badala ya kazi ya kawaida ya kumaliza masomo, wakisaidiwa na walimu na washauri. Waliopata nafasi hiyo walijiajiri zaidi kidogo kuliko wenzao, tofauti ya pointi moja hadi nne tu. Lakini jumla ya waliokuwa na kazi haikubadilika: baadhi waliojiajiri wangekuwa wameajiriwa kwingine. Kwa hiyo kila fomu yenu iulize pia: una kazi nyingine? Uliacha kazi gani ili uanze hii? Kwa jumla unaingiza ngapi kwa mwezi kutoka kila upande?

Hilo linajibu nusu ya ombi la mkuu wa kitivo kuhusu ajira. Nusu ya pili ni namna ya kuhesabu. Mdogo wake anayesaidia jioni bila malipo si ajira. Mwanamume aliyebeba magunia siku nne si ajira moja. Ni siku nne za kazi. Hesabuni siku zilizolipwa kwa mwezi, mtaje pia ni wanaume au wanawake. Na ulizeni wateja walitoka wapi. Wahitimu wenu watatu wakiuza yoghurt Ibanda na mama aliyekuwa akiuza pale Nyawera amekosa wateja, mji haujapata ajira tatu. Hesabu kamili ya jambo hili ni ngumu na programu ndogo haiwezi kuimaliza, ila kulitaja kwenye ripoti ni uungwana.

Biashara zilizofunga zinakutia aibu, nami nakuomba uzitazame upya. Huko Italia watafiti walifundisha waanzilishi wa kampuni changa 116. Nusu walifundishwa kupima mawazo yao kama wanasayansi, yaani kuweka dhana na kuitafutia ushahidi kabla ya kutumia pesa. Kundi hilo ndilo lililokuwa jepesi kubadilisha wazo na kushika jingine. Kijana aliyeacha wazo bovu baada ya miezi mitatu, kabla hajala ada ya wadogo zake, amepata faida ambayo RCCM haitaionyesha kamwe. Basi tenganisheni: aliyefunga kwa sababu ya vita, aliyefunga kwa deni, aliyefunga kwa kuwa amepata kazi nzuri, aliyeacha akaanza nyingine. Ukiwaita wote "waliofeli", umetupa habari bora uliyo nayo.

Kuhusu muda: miezi sita ni mapema mno. Pima siku ya kuomba, baada ya mwaka, miwili, mitatu. Watu wa kwetu hubadilisha namba, huvuka kwenda Kamembe au Bujumbura, huhamia Kinshasa. Kwenye fomu ya maombi ombeni namba za ndugu wawili ambao watajua alipo. Afadhali kuwapata 50 kati ya 60 kwa kuwatafuta hadi nyumbani kuliko kusambaza fomu ya mtandaoni kwa watu 300 wajibu 70 walio na habari njema. Na angalieni msiwapate wahitimu karibu wote na waliokosa nusu tu, maana hapo ulinganisho umepinda tena.

Kuna jambo moja la hatari, na naliandika kwa uzito. Orodha yenye majina, anwani za avenue na mapato ya vijana wenye biashara, katika mji kama wetu kwa sasa, ni orodha ya kuwatafuta usiku. Majina yakae kwenye faili moja iliyofungwa kwa neno la siri, kwa mtu mmoja au wawili. Majibu yakae kwenye faili nyingine kwa namba za siri. Msiitume kwa WhatsApp. Mfadhili akidai majina pamoja na mapato, kataeni kwa maandishi. Apewe majibu bila majina, na akitaka kuhakiki, aende na nyinyi kwa wale waliokubali.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kukufanyia. Kabla ya kuchagua promosheni ijayo, keti na mwanatakwimu au mchumi wa utafiti ana kwa ana. Vyuo vya Bukavu vinao, na saa mbili kabla ya uteuzi zina thamani kuliko mwezi mzima baada yake. Tafuta pia kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako, kwa kuwa utawapigia watu ambao hawakupata chochote kutoka kwenu. Na ukiona mkataba una namba ya ajira ambayo utaifikia kwa kubuni tu, usisubiri siku ya ripoti: omba kikao na mfadhili sasa, uende na mkuu wa kitivo, mpendekeze namba nyingine inayoweza kuhakikiwa.

Kwa ripoti iliyo mezani, ningeandika hivi: "Wanafunzi 90 wamepitia programu. Tumewatafuta wote, tumewapata kadhaa," mtaje idadi. "Kati yao hawa wana biashara inayouza leo, hawa walifunga kwa sababu zifuatazo, na hawa walikuwa na biashara kabla ya kujiunga. Tumewatafuta pia waombaji 15 wa kila promosheni waliokosa nafasi kwa alama chache, na hali yao ni hii. Idadi ni ndogo, haitoshi kuthibitisha athari. Tangu promosheni ijayo tutachagua kwa utaratibu utakaoruhusu kulinganisha." Ongeza gharama ya programu kwa kila mwanafunzi, pamoja na mishahara yenu, hata kama hajaiuliza. Mfadhili ana haki ya kujiuliza kama pesa hiyo ingefaa zaidi ikimfikia kijana mkononi, nawe unapaswa kuwa wa kwanza kutaka kujua.

Ikiwa tangazo la promosheni ya nne bado halijatoka, lizuie wiki moja ili uongeze kwenye fomu ya maombi maswali haya: faida ya mwezi uliopita, kazi nyingine, namba za ndugu wawili, na ridhaa ya kupigiwa simu hata akikosa nafasi. Barua pepe za waombaji wa 2023 usiruhusu zifutwe.